Funguo za gemu za vifurushi: namna ya kuzipanga na kuzitunza zisikupotee

Kifurushi cha gemu hununuliwa kwa ajili ya gemu mbili tatu, zilizobaki zinakuja kama nyongeza. Unalipa dola kumi au kumi na mbili, unapewa funguo saba au nane, yaani misimbo ya kudai kila gemu, unasajili ile uliyokuwa unaitamani, unaanza kucheza. Nyingine zinabaki kwenye ukurasa wa duka au kwenye imeili ambayo hutaifungua tena. Miaka miwili ikipita unajikuta na funguo zaidi ya mia zilizotawanyika kwenye maduka matatu: baadhi muda wake umekwisha, baadhi hukumbuki kama ulishazitumia, na baadhi ni za gemu ambazo tayari unazo.

Mifano mingi hapa ni ya Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, kwa sababu ndiko funguo nyingi za vifurushi zinakoingia, na ya maduka mawili yanayojulikana sana kwa vifurushi, Humble Bundle na Fanatical. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mahali salama pa ufunguo ni ndani ya akaunti yako, ukiwa umeshasajiliwa. Funguo zisizotumika huwekwa kwa sababu chache tu, na nitazitaja. Kinachostahili kutunzwa miaka na miaka ni kumbukumbu: ulinunua nini, wapi, lini, kwa imeili ipi, na kila ufunguo uliishia wapi.

Mambo manne yanayoua ufunguo

Ufunguo wa kawaida wa Steam una herufi na tarakimu 15, makundi matatu ya tano tano yaliyotenganishwa kwa vistari. Mchapishaji wa gemu huomba funguo kutoka Valve, kampuni inayomiliki Steam, anazipa duka, duka linakuuzia wewe, na Steam ndiyo inayoupokea mwishoni. Kwa hiyo ulichonunua dukani ni haki ya kuidai gemu mahali pengine. Ukipata shida, Steam watakurudisha kwa muuzaji. Ile haki ya kurudishiwa hela ndani ya siku 14 ukiwa hujacheza zaidi ya saa 2 ni ya gemu zilizonunuliwa ndani ya Steam yenyewe, haihusu funguo za nje.

Cha kwanza kinachoua ufunguo ni muda. Funguo nyingi za vifurushi vya siku hizi zina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo huandikwa kwa maandishi madogo kwenye ukurasa wa kifurushi. Humble ni kampuni ya Marekani, hivyo mwezi huandikwa kabla ya siku na saa ni za Pasifiki. Ukiona mwisho ni saa nne asubuhi ya Pasifiki, kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hiyo ni saa tatu usiku, au saa mbili usiku wakati Wamarekani wamesogeza saa zao kwa ajili ya kiangazi. Bujumbura, Kigali na Goma toa saa moja. Muscat ongeza moja. Usisubiri siku ya mwisho ndipo uanze kupiga hesabu hiyo.

Cha pili ni duka kuishiwa. Wengi wanadhani ufunguo ambao haujafunuliwa, yaani hujabofya dukani uone herufi zake, umewekwa kando kwa jina lao. Mara nyingi sivyo: duka lina rundo moja la funguo, na wako unachotwa pale unapobofya kuufunua. Rundo likiisha unaonyeshwa ujumbe wa kusubiri mpaka mchapishaji alete nyingine. Kwa kifurushi kipya kusubiri huko huisha. Kwa kifurushi cha miaka mingi iliyopita, ambacho mchapishaji wake ameshafunga ofisi, hakuna wa kuzileta.

Cha tatu ni jukwaa lenyewe kufa. Miaka ya mwanzo ya vifurushi, funguo nyingi zilitolewa kwa ajili ya Desura, duka jingine la gemu za mtandaoni. Kampuni iliyoimiliki ilifilisika mwaka 2015, na aliyekuwa ameweka akiba ya funguo za Desura alibaki na orodha ya herufi.

Cha nne ni ufunguo kufutwa, na hili huwapata zaidi wanaonunua kwenye masoko ya watu kuuziana badala ya maduka yanayopewa funguo na wachapishaji. Mwizi ananunua funguo kwa kadi ya benki iliyoibwa, anaziuza kwa bei rahisi, mwenye kadi anadai hela yake, na mchapishaji anazifuta. Januari 2015 mchapishaji Ubisoft walifuta funguo za Far Cry 4 na gemu nyingine kwa njia hiyo, na waliokwisha kuanza kucheza wakakuta gemu haipo. Mwaka 2020 soko la G2A liliwalipa Wube, watengenezaji wa gemu ya Factorio, dola 39,600 baada ya ukaguzi kuonyesha funguo 198 zilizouzwa hapo zilikuwa za wizi. Hakuna namna ya kuhifadhi itakayookoa ufunguo wa wizi, kwa hiyo usalama wake unaanzia pale unapochagua pa kununua.

Hatua ya kwanza: zikusanye zote

Anza na imeili zako, zote, hata ile ya zamani uliyofungua ukiwa sekondari. Kwenye Gmail andika kwenye kisanduku cha kutafutia from:humblebundle.com, kisha fanya hivyo hivyo kwa kila duka ulilowahi kununua. Kuna mtego mmoja: Fanatical ilikuwa ikiitwa Bundle Stars mpaka mwaka 2017. Ukitafuta jina jipya peke yake, manunuzi ya kabla ya hapo hayatatokea. Tafuta majina yote mawili.

Pitia pia folda ya taka na ya matangazo. Kisha ingia kwenye kila duka na ufungue ukurasa wa funguo. Humble wana orodha moja inayoonyesha kila ufunguo uliowahi kupewa, na kuna kisanduku cha kuficha zilizokwisha kufunuliwa. Kiweke tiki, na kinachobaki ndicho kiporo chako. Uliponunua kama mgeni bila kufungua akaunti, manunuzi yako hayaonekani hapo. Humble wana ukurasa wa kukutumia tena viungo vya manunuzi kwenye imeili uliyotumia wakati ule.

Angalia kitu kingine ukiwa huko. Kifurushi cha kwanza cha Humble, cha Mei 2010, kilikuwa na gemu kama World of Goo na Aquaria ambazo zilipakuliwa moja kwa moja, bila kufuli lolote, na vifurushi vingi vya miaka iliyofuata viliendeleza utaratibu huo sambamba na funguo. Kama una manunuzi ya namna hiyo, pakua mafaili yenyewe uyaweke kwenye diski ya nje. Vivyo hivyo kwa funguo za GOG, duka linalouza gemu zisizo na kufuli: ukishausajili kwenye gog.com/redeem, unaweza kupakua kisakinishi kamili ambacho hakihitaji intaneti wala ruhusa ya mtu. Hizo ndizo gemu pekee ambazo unazishika kweli mkononi.

Usifunue chochote bado. Sasa hivi unahesabu tu.

Hatua ya pili: tengeneza jedwali

LibreOffice Calc inatosha, Excel inatosha, jedwali la Google linatosha. Weka safu hizi: namba, gemu, jukwaa, duka, kifurushi, tarehe ya kununua, mwisho wa kusajili, imeili iliyotumika, hali, maelezo. Mstari mmoja kwa ufunguo mmoja. Si mstari mmoja kwa kifurushi, hata kama ni kazi zaidi, maana funguo za kifurushi kimoja huenda njia tofauti.

Kwa mfano, mstari wa Terraria unaweza kusomeka hivi: 0147, Terraria, Steam, Humble, jina la kifurushi, 2025-11-08, 2026-11-08, imeili yako, umefunuliwa, pacha wa 0032, wa mdogo wangu. Pacha ni ufunguo wa gemu ambayo tayari unayo au una ufunguo wake mwingine. Anayeusoma mstari huo mwaka mwingine anajua kila kitu bila kufungua ukurasa wowote.

Safu ya hali iwe na maneno matano tu, usibuni mengine njiani: haujafunuliwa, umefunuliwa, umesajiliwa, umegawiwa, umekufa. Ukianza kuandika "nadhani umetumika" au kuweka alama za kuuliza, kichujio hakitakusaidia.

Tarehe ziandikwe kwa mwaka, mwezi, siku: 2026-04-03. Ukiandika 03/04, huwezi kujua baadaye kama ulinakili mtindo wa Kimarekani au wa kwetu, na kwa ufunguo wenye mwisho wa muda tofauti hiyo ni karibu mwezi mzima. Pia zikiandikwa hivyo hupangika zenyewe kwa mfuatano.

Fomula mbili zinafanya nusu ya kazi. Kama jina la gemu liko safu ya B, andika pembeni =COUNTIF(B:B;B2) na uiburute mpaka chini; kila panapotokea 2 au zaidi, una pacha. Programu nyingine hutaka koma badala ya nukta mkato, jaribu zote. Kama mwisho wa kusajili uko safu ya G, andika =G2-TODAY() na utaona siku zilizobaki. Panga jedwali kwa safu hiyo, ndogo ziwe juu.

Majina yaandikwe sawasawa na yalivyo kwenye duka la Steam, la sivyo pacha hawataonekana. Toleo la kawaida na toleo lenye nyongeza ni mistari tofauti.

Ukimaliza, linganisha jedwali na ukurasa wa leseni wa Steam, store.steampowered.com/account/licenses. Unaonyesha kila kitu kilichowahi kuingia kwenye akaunti yako, tarehe, na njia kilivyoingia. Vilivyoingia kwa ufunguo vimeandikwa Retail. Hapo ndipo utajua bila kubahatisha ni funguo zipi ulishazitumia. Ufunguo wenyewe hauonyeshwi kwenye ukurasa huo, na ndiyo sababu kumbukumbu yako ina thamani: akaunti yako ikiibwa, ufunguo uliowahi kusajiliwa humo, pamoja na risiti yake, ni mojawapo ya vitu unavyoweza kuwapa Steam kuthibitisha kwamba akaunti ni yako. Kwa hiyo usifute mstari wa ufunguo uliotumika. Badilisha hali yake, uache ukae.

Hatua ya tatu: sajili

Anza na zenye tarehe ya karibu. Kisha gemu unazozitaka hata kama hutazicheza mwaka huu, maana gemu iliyoko kwenye maktaba yako hubaki hapo hata ikiondolewa sokoni, na huondolewa kweli, hasa za magari na za mpira ambazo leseni za majina na muziki huisha. Zisizo na mwisho na ambazo huna haja nazo ziache kwanza.

Kwenye programu ya Steam fungua menyu ya Games kisha Activate a Product on Steam. Kwa kivinjari, nenda store.steampowered.com/account/registerkey. Nakili na ubandike, usiandike kwa mkono. Sifuri na herufi O zinafanana mno kwenye skrini ndogo.

Ukiunganisha akaunti ya Humble na ya Steam, ufunguo unaweza kuingia moja kwa moja bila wewe kuuona. Ni rahisi, lakini hakikisha kwanza ni akaunti ipi iliyounganishwa. Kompyuta ikiwa ya nyumba nzima na kila mtu ana akaunti yake, gemu ikiingia kwa kaka haihamishiki kuja kwako.

Steam ikikataa, soma ujumbe wake, kwa sababu kila mmoja unadai hatua yake.

Ikisema bidhaa hiyo tayari unayo, ufunguo haujaharibika. Bado mzima na unaweza kumpa mtu. Rudi kwenye jedwali uandike kuwa ni pacha.

Ikisema ufunguo umeshatumika kwenye akaunti nyingine, simama. Angalia kama wewe mwenyewe au ndugu aliutumia. Kama sivyo, piga picha ya skrini ya ujumbe huo siku hiyo hiyo na uandikie duka ukiambatisha risiti. Malalamiko ya siku ya kwanza husikilizwa kuliko ya baada ya miezi kumi.

Ikisema unahitaji kwanza bidhaa nyingine, hiyo ni nyongeza ya gemu ambayo huna. Vifurushi vyenye gemu na nyongeza zake pamoja vina mpangilio: sajili gemu yenyewe, ndipo nyongeza.

Ikisema haipatikani nchini mwako, ufunguo una mipaka ya kijiografia. Duka hupaswa kuonyesha nchi zinazoruhusiwa kabla hujalipa, na huo ndio wakati wa kuangalia. Usijaribu kuukwepa mpaka kwa VPN, programu inayoficha nchi uliyopo. Masharti ya Steam yanakataza na unaihatarisha akaunti nzima kwa gemu moja. Kwa ndugu walioko Ulaya jambo hili lina historia: Januari 2021 Tume ya Ulaya iliwatoza Valve na wachapishaji watano faini ya jumla ya euro milioni 7.8 kwa kuzuia funguo zilizonunuliwa nchi moja ya eneo hilo zisifanye kazi nchi nyingine. Ufunguo uliofungiwa Ulaya, hata hivyo, hauwi halali Mombasa kwa sababu mwenye nao amerudi likizo.

Ikisema umejaribu mara nyingi mno, pumzika. Majaribio yaliyoshindikana mfululizo, pamoja na yale ya gemu ambazo tayari unazo, hukufungia kusajili kwa muda wa saa moja hivi. Ndiyo maana jedwali linatangulia: mtu anayebandika funguo mia bila kujua zipi pacha hufungiwa kabla hajafika mbali.

Jambo moja kwa wenye akaunti mpya. Steam huiwekea mipaka akaunti ambayo haijatumia angalau dola 5 ndani ya duka lake. Huwezi kuomba urafiki, kwa mfano. Kusajili funguo za nje hakuhesabiwi. Unaweza kuwa na gemu hamsini za vifurushi na bado akaunti ikawa na mipaka. Ukitaka ifunguke, nunua gemu moja au weka salio la dola 5 humo ndani. Kwa Kenya kadi ya M-Pesa GlobalPay inafanya kazi kama Visa ya kawaida; kumbuka tu kwamba Steam haina bei za shilingi, hivyo utatozwa kwa dola na kiwango cha kubadilisha ni cha mtoa kadi.

Zinazobaki: pacha na zawadi

Sababu nzuri ya kubaki na ufunguo usiotumika ni kwamba una mtu wa kumpa. Sababu nyingine ni kwamba bado hujaamua kama utaweka gemu kwenye akaunti yako au ya mwanao. Zaidi ya hapo, sioni.

Kabla ya kugawa, fikiria familia yako ya Steam. Tangu Septemba 2024 kuna Steam Families: watu hadi sita wa nyumba moja wanachangia maktaba. Lakini nakala moja huchezwa na mtu mmoja kwa wakati. Kwa gemu mnayopenda kucheza wote jioni, ule ufunguo pacha ni nakala ya pili ndani ya familia, na wawili mnaingia pamoja. Huo ndio utumizi bora wa pacha niujuao.

Kumpa mtu wa mbali, Humble wana njia mbili: kufunua ufunguo ukamtumia herufi, au kutengeneza kiungo cha zawadi. Chagua kiungo. Ukiufunua hurudi nyuma, kiungo hakitengenezeki tena. Kiungo kinamwezesha mpokeaji auchukue kwenye akaunti yake mwenyewe, nawe unaona kama umechukuliwa. Ila kiungo kina tarehe ya mwisho ile ile ya ufunguo. Mwambie mpokeaji tarehe hiyo waziwazi, kwa saa za kwenu.

Ufunguo ukiutupa kwenye kundi la WhatsApp au Telegram lenye watu mia mbili, anayeuwahi ni yule mwepesi, si uliyemkusudia, na kwenye makundi ya wazi kuna programu zinazonyakua chochote chenye umbo la ufunguo. Mtumie mtu mmoja, kwenye mazungumzo yenu, mwambie akujibu akishausajili, kisha andika "umegawiwa" na jina lake.

Kuuza sikushauri. Masharti ya Humble yanakataza kuuza funguo za vifurushi, na akaunti inaweza kufungwa na kila kilichomo.

Na usiamini tovuti inayodai kukupimia kama ufunguo ni mzima. Mchezaji wa kawaida hana njia ya kuujua uzima wa ufunguo wa Steam isipokuwa kuusajili. Anayekuomba uubandike kwake "aukague" anauchukua.

Hatua ya nne: pa kuweka funguo zilizofunuliwa

Ufunguo uliofunuliwa ni kama noti: anayeushika ndiye mwenyewe. Haukujui jina. Kwa hiyo usiuache kwenye faili la maandishi juu ya skrini ya kompyuta, wala kwenye picha za skrini ndani ya simu, ambazo huwezi kuzitafuta wala kunakili kilichomo, na ambazo huenda zinapanda mtandaoni pamoja na picha za harusi.

Kama una funguo thelathini au pungufu, ongeza safu ya ufunguo kwenye jedwali lile lile na ulifunge faili kwa nenosiri. Kwenye LibreOffice, unapohifadhi weka tiki kwenye sehemu ya kuhifadhi kwa nenosiri, na faili zima linasimbwa, halisomeki bila nenosiri hilo. Kuficha safu, au kulinda karatasi ya Excel isihaririwe, si usalama.

Zikiwa nyingi, tenganisha. Jedwali libaki na maelezo yote isipokuwa herufi za ufunguo. Funguo ziingie kwenye KeePassXC, programu ya bure na ya msimbo wazi inayotunza siri kwenye faili moja lililosimbwa, bila kuhitaji intaneti. Kila ufunguo uwe ingizo moja, na kichwa chake kiwe ile namba ya jedwali ikifuatiwa na jina: 0147 Terraria. Ufunguo wenyewe uweke sehemu ya nenosiri, risiti iambatishe hapo hapo. Ukinakili ufunguo, programu husafisha ubao wa kunakili yenyewe baada ya sekunde 10, jambo la maana kwa anayetumia kompyuta ya wengi. Kwenye simu ya Android, KeePassDX hufungua faili hilo hilo.

Faida ya kutenganisha ni kwamba jedwali unaweza kulifungua popote, hata saiba, hata kumwonyesha rafiki achague zawadi, na hakuna cha kuibwa ndani yake. Faili la funguo usilifungue saiba kamwe.

Nenosiri la faili hilo liwe refu, sentensi ya maneno yasiyohusiana, na uliandike kwenye karatasi unayoitunza na vyeti vyako. Ukilisahau hakuna ofisi ya kukusaidia. Hakuna kitufe cha kulibadilisha.

Nakala rudufu

Nakala tatu, vyombo viwili tofauti, moja iwe nje ya nyumba. Moja kwenye kompyuta, moja kwenye fleshi, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni kama Google Drive. Faili lenye maelfu ya funguo bila viambatisho halifiki ukubwa wa wimbo mmoja, kwa hiyo kisingizio cha bando hakipo.

Umeme ukikatika wakati faili linahifadhiwa, unaweza kukuta limeharibika, na hifadhi ya mtandaoni ikanakili lile lililoharibika juu ya zima. Weka nakala zenye tarehe kwenye jina: funguo-2026-03-01, funguo-2026-04-01. Bakiza za miezi sita. Mara moja moja ifungue ile ya fleshi, kwa nenosiri, kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo hujawahi kuifungua hujui kama ipo.

Linda akaunti, maana ndiko gemu ziliko

Imeili ndiyo mzizi. Anayeingia kwenye imeili yako anabadilisha nenosiri la duka, la Steam, la kila kitu. Ipe nenosiri lake peke yake na uthibitisho wa hatua mbili.

Uthibitisho huo usiutegemeze kwa SMS peke yake. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba hupewa mteja mwingine; uliyehamia ughaibuni au uliyebadili mtandao utakuta msimbo wa kuingilia unatumwa kwenye simu ya mtu usiyemjua. Tumia programu ya uthibitisho kwenye simu. Kwa Steam, washa Steam Guard, uthibitisho wao wa hatua mbili, ndani ya programu yao ya simu, kisha nakili ule msimbo wa dharura unaoanza na herufi R uuweke kwenye karatasi ile ile ya vyeti. Simu ikiibiwa daladala au matatu, msimbo huo ndio utakaoiondoa Steam Guard kwenye simu iliyopotea.

Rafiki akikutumia kiungo cha kupigia kura timu yake au cha zawadi ya bure, na ukurasa ukakuomba uingie Steam, usiingie. Mpigie simu kwanza. Mara nyingi akaunti yake imeshachukuliwa na anayekuandikia si yeye.

Siku ya kununua kifurushi kipya

Fanya yote kwa kikao kimoja, kabla hujaanza kupakua gemu yoyote. Kabla ya kulipa soma nchi zinazoruhusiwa, majukwaa, na tarehe ya mwisho, kisha chuja jedwali uone ngapi tayari unazo. Gemu tano kati ya nane zikiwa pacha, bei ya kweli ya zile tatu ndiyo unayopaswa kuipima. Kama kuna uwezekano wa kuomba hela irudi, usifunue hata mmoja kabla hujaamua, maana maduka mengi hayarudishi hela ya ufunguo uliofunuliwa.

Ukishalipa, hifadhi risiti na ujumbe wa muamala, andika mistari yote kwenye jedwali, sajili unazotaka, tengeneza viungo vya zawadi kwa zile zenye wenyewe, na badilisha hali za mistari. Kila tarehe mosi ya mwezi fungua jedwali, panga kwa siku zilizobaki, na shughulikia kila ufunguo wenye siku chini ya sitini.